Jini la Chumba cha Uyoga

Siku ya tatu baada ya mkewe kujifungua, Kipkurui aliona testa ikiwaka mfukoni mwa shati lake. Testa ni ile bisibisi ndogo ya fundi wa stima yenye taa ndani ya mpini, nayo haiwaki mpaka iguse waya wenye moto. Shati lilikuwa limetundikwa ukutani juu ya mtoto, saa nane mchana, mvua ya Sosiot ikianza kupiga mabati. Na nyumba ya Kipkurui haikuwa na stima. Mganga hajigangi: alikuwa amewatilia watu stima kutoka Kabianga hadi Chepseon, na kwake mwenyewe aliwasha koroboi.

Aliitoa, ikazima. Aliposogeza ncha karibu na mkono wa mtoto, ikawaka tena. Hakumwambia mtu, kwa sababu alijua ni nani amekuja.

Miezi minne nyuma, mwaka huo wa 1995, mfanyabiashara wa Chepseon aitwaye Jecinta Wakonyo alimwita amtilie stima chumba cha kuoteshea uyoga. Uyoga hupenda giza, joto na unyevu. Kuta zilinyunyiziwa maji asubuhi na jioni mpaka zikatiririka. Hata fundi wa juzi anajua kwamba chumba cha namna hiyo kinataka swichi iwe nje, taa zifunikwe, na waya wa ardhi ufungwe kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa chini sana, ili hita ikiharibika stima ikimbilie udongoni badala ya kumkimbilia mtu. Nondo ya Kipkurui ilishuka futi moja ikagonga mwamba. Mvua ilikuwa inakuja. Alikata iliyobaki kwa msumeno, akaacha kichwa kidogo kionekane juu ya ardhi, akauzungusha waya bila kuukaza. Atarudi kesho, alijiambia, na kesho za mafundi mnazijua.

Wiki iliyofuata Chepkorir, mfanyakazi wa Jecinta, aliingia chumbani na kopo la maji akagusa hita. Jecinta alimkimbilia Kipkurui, aliyekuwa akifunga taa kwenye duka la jirani. Kipkurui alizima meni, swichi kuu ya stima. Chepkorir alikuwa amelala chini, bado anapumua. Basi Kipkurui akamtuma Jecinta atafute gari, na alipobaki peke yake na yule dada hakumgusa. Alitoka nje, kwa sababu waya wa ardhi ulikuwa umechomoka na yeyote angeuona. Alipiga magoti akaurudisha, akaushindilia udongo, akafuta mikono kwenye nyasi. Aliporudi ndani, pumzi ilikuwa imekwisha.

Hakuna aliyemuuliza fundi. Sokoni walisema Jecinta amefuga jini la utajiri, na jini limekula mfanyakazi. Kipkurui aliyasikia akanyamaza, na moyoni, Mungu amsamehe, akashukuru. Mawe yakaanza kuangukia mabati ya Jecinta. Wiki mtoto wa Kipkurui alipozaliwa, vijana wa soko walikuwa wamempa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Halikuwepo. Lilipokuja, halikwenda kwa Jecinta.

Sasa mtoto alikuwa amekataa jina. Kwa Wakipsigis, wanawake humtajia mtoto mchanga majina ya wafu wa ukoo, na akipiga chafya kwenye jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi. Kogo, mama yake Kipkurui, alikuwa ametaja wafu wote wa ukoo, akamtia mtoto ugoro kidogo puani, na bado mtoto alimkodolea macho tu.

"Unasikia hiyo harufu?" Chepchirchir, mkewe, alimnong'oneza. "Kama uyoga. Kama plagi imeungua."

"Ni mvua."

"Mvua hainuki plastiki, Kipkurui. Na huyu mtoto nikimwosha ananipiga vidole kama waya wa stima."

Kogo akaanza upya, jina baada ya jina, na kila alipotua kulikuwa na mngurumo mdogo ukutani, mngurumo wa hita inayopata moto, na Kipkurui akaona matone yakitokeza kwenye udongo mkavu wa ukuta, yakishuka polepole yakiungana, mpaka ukuta wote ukawa unatiririka kama ule wa Chepseon, na harufu ikamjaa kooni, na ulimi wake ukasema wenyewe, kwa sauti ya chini ambayo hakukusudia isikike, "Chepkorir."

Mtoto akapiga chafya.

Kogo aliweka ugoro chini. "Huyo si wa ukoo wetu," alisema polepole. "Anataka nini kwetu?"

Kipkurui alimwambia juu ya nondo na juu ya Chepkorir. Kogo alisikiliza bila kumtazama. "Mpeleke mtoto kwa mama ya huyo msichana," alisema. "Useme yote. Akimbariki mtoto, marehemu ataenda. Ukificha, atakaa na huyu mtoto mpaka amchukue."

Siku ya saba walisimama nje ya chumba cha uyoga: Jecinta mlangoni, vijana wa soko kando, mama yake Chepkorir kwenye kigoda, na Chepchirchir nyuma ya mumewe na mtoto kifuani. Kipkurui aliikamata nondo kwa mkono mmoja, akaing'oa kama karoti.

"Hakuna jini hapa," alisema. "Ni mimi. Nilikata nondo. Jecinta hana makosa."

Vijana walitazama kile kipande cha shaba, wakaondoka mmoja mmoja. Jecinta alikaa kizingitini akalia kwa kwikwi.

"Nikuulize kitu moja tu," mama yake Chepkorir alisema. "Aliteseka?"

Kipkurui aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Hapana, mama. Alienda mara moja."

"Asante. Hiyo ndiyo imekuwa ikininyima usingizi."

Akampakata mtoto, akatemea mate kiganjani kama wazee wanavyobariki, akakiweka kifuani pa mtoto. Stima ikamrusha mkono. Alikitazama kiganja chake, kisha akamtazama Kipkurui.

"Angeenda mara moja asingerudi. Aliongea," alisema. "Alisema nini?"

Kipkurui alipiga magoti kwenye matope. "Alisema nimshike mkono. Aliunyoosha. Mimi nikaenda kushika waya."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto, mama."

Mama akautafuta mkono wa kushoto wa mtoto ndani ya blanketi, akaushika. Stima ilimpiga mpaka mabega yakatetemeka na kilemba kikamwanguka, na Chepchirchir akataka kumpokea mtoto, lakini mama alitikisa kichwa akazidi kushika, machozi yakimtiririka, akimwambia mtoto kwa Kipsigis kwamba yuko hapa, yuko hapa. Polepole mabega yakatulia. Mtoto akafumba macho akalala.

Alimrudishia Chepchirchir mwanawe, akaokota kilemba chake, akaenda nyumbani bila kumuaga Kipkurui.