Sanamu Yenye Utosi

Rangi ilikataa kukauka.

Hilo ndilo lililomsumbua kwanza mchonga sanamu ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pembe. Alikuwa ameshika brashi tangu ujana wake, na aliijua tabia ya kila kopo kama mwenye nyumba anavyozijua tabia za wapangaji wake. Nyekundu ya ubavuni ilikuwa imekauka vizuri, ngumu, inang'aa. Lakini ile njano aliyoipaka upande mmoja tu wa juu bado ilinata. Alipoigusa, kidole kilitoka na uteute, na uteute ule ulinuka maziwa yaliyochacha.

"Wameniuzia rangi mbovu," alisema, akajifuta kwenye aproni. Akamtukana muuza rangi na ukoo wake, akaendelea na kazi.

Sanamu yenyewe ilikuwa masanduku makubwa ya mbao yaliyopandana, kila moja limegeuzwa kidogo kama mtu anayetaka kutazama nyuma bila kuonekana. Haikuwa na sura ya mtu wala ya mnyama. Wageni walipouliza, "Hii sasa ni nini?" Bi Pembe aliwajibu, "Ni pembe na rangi. Simama hapo, acha maswali." Nao wakisimama, kitu kiliwabana kifuani wasijue kimetoka wapi. Bi Pembe hakuamini uchawi, aliamini pembe. Aliamini kwamba ukiliinamisha sanduku kiasi kinachofaa, ukalipaka nyekundu inayofaa, mtu atakumbuka kilio alichokimeza zamani.

Mdogo wake alikuwa amehamia kwake siku hizo. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa amejifungua mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina. Mumewe, dereva wa malori, alirudi barabarani upesi kwa sababu hakujua aseme nini. Mshonaji hakuwa amelia hata siku moja. Alikaa tu kitandani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Siku alipoingia karakana kumpelekea dada yake chai, aliiona sanamu, na kikombe kikamponyoka. Akalia mpaka akakaa kwenye maranda.

"Dada, umeitengenezaje hii?"

"Hata sijui. Inakuuma?"

"Inaniuma vizuri."

Bi Pembe alifurahi. Alifurahi kwa ajili ya mdogo wake, na alifurahi pia kwa ajili ya kazi yake, na hakujali ni furaha gani iliyokuwa kubwa zaidi. Akamwekea kiti mbele ya ule upande wa njano. Kila mchana mshonaji akawa anakaa pale.

Kisha pembe zikaanza kulegea.

Bi Pembe aliweka kipimo chake cha pembe kwenye kona ya sanduku la juu, kikayumba. Kona ilikuwa imevimba, imekuwa butu kama kiwiko. Akachukua msasa asugue. Badala ya vumbi, zikatoka nongo: vipande laini vya kijivu vilivyojiviringa chini ya msasa, kama zinavyotoka mgongoni kwa mtu ambaye hajaoga siku nyingi. Nzi wakaja. Aliwafukuza kwa tambara, wakarudi kwenye ile njano na kutulia, wakijisugua miguu.

Mwenye hoteli aliyeiagiza sanamu kwa ajili ya mapokezi yake alikuja kuitazama. Alikuwa mtu mzito, wa vicheko vikubwa. Alisimama mbele yake, vicheko vikaisha, machozi yakamtiririka mpaka kwenye tai. Akanyoosha mkono, akabandika kiganja kwenye njano. Alipokitoa, uzi mrefu wa ute ulivutika kati ya kiganja na ubao, ukanesa, ukakatikia kwenye mkono wa shati lake. Akanusa. Akatapika palepale juu ya maranda.

"Mama," alisema, akijifuta mdomo kwa ile tai, "hii sanamu yako inapumua."

Akaondoka bila kuaga.

Bi Pembe alivuta kigoda, akapanda kutazama juu, mahali ambapo hakuna mgeni angeona. Katikati ya ubao palikuwa pamebonyea. Alipagusa kwa kidole. Palikuwa laini, pana joto, na pakadunda chini ya kidole chake, pakatulia, pakadunda tena. Ilimchukua muda kukumbuka ni wapi amewahi kugusa kitu cha namna ile. Ni kwa vichanga. Ulikuwa utosi.

Alishuka, akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Harufu haikutoka.

Mchana uliofuata alirudi kutoka dukani, na kabla hajafika mlango wa karakana akasikia sauti ya kunyonya, sauti ya mdomo mdogo wenye pupa, inayovuta na kumeza na kukoroma kidogo kwa kushiba na kuvuta tena, akasukuma mlango na kumwona mdogo wake amepiga magoti juu ya kiti chake, blauzi wazi, kifua kimenata kwenye ule ubao wa njano, macho yamefumbwa, anatabasamu, nzi wanatembea juu ya midomo yake naye hana habari nao, na mashavu yake, ambayo asubuhi ile Bi Pembe alidhani yamekonda kwa huzuni tu, yamebonyea kama ya bibi asiye na meno.

Akamshika mabega, akamvuta. Alibanduka kama plasta inavyobanduka kwenye kidonda kibichi. Ngozi ya kifua chake ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeupe, kama vidole vilivyoshinda kwenye maji ya kufulia. Na pale ubaoni alipotoka palikuwa na tundu la duara, na ukingoni mwa tundu ufizi, wa waridi, umelowa, bado unatafuna hewa.

"Umefanya nini wewe?"

"Alikuwa na njaa, dada."

"Nani?"

"Sema polepole," mshonaji alinong'ona, akivuta blauzi. "Ndiyo kwanza anasinzia."

Bi Pembe alimfungia chumbani, akaenda mbio kwa Mkunga. Huyo alikuwa mwanamke mzee aliyeivuta nusu ya mtaa ule kuja duniani, na watu walimwendea pia kwa mambo ambayo hayakuzaliwa vizuri. Alikuja na mkoba wake uleule wa kuzalishia. Mlangoni pa karakana alisimama, akakunja pua.

"Ndani ya masanduku mna nini?"

"Hamna kitu. Matupu, ili yawe mepesi kubeba."

"Matupu kabisa?"

"Kabisa."

"Mwanangu, umejenga vyumba, ukaviziba pande zote, ukavipamba mpaka apitaye analia. Halafu ukaviacha vitupu. Ulidhani hatahamia mtu?"

"Sikumkaribisha, Mkunga."

"Mdogo wako kamkaribisha. Ana machozi na ana maziwa, na hakuwa na wa kumpa." Akashusha sauti. "Tutampasulia mlango, atatoka. Lakini ataita. Jini la namna hii halina mama, na atakayemwitikia, basi, ndiye. Mimi nimeshazoea kuitwa nisiitike. Nyinyi ndio nina wasiwasi nanyi."

Walimleta mshonaji, wakamketisha ukutani. Mkunga alimweleza asiitike, naye alielewa. Mwenyewe alichana upindo wa sketi yake, akaujaza mdomoni, akamgeuzia Mkunga kisogo amfunge fundo.

"Na wewe?" Mkunga aliuliza.

"Mimi nitakuwa nakata. Nikizibwa mdomo sitapumua kwa harufu hii. Usijali, mimi sina maziwa."

Bi Pembe akaweka msumeno kwenye ule upande wa njano, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, akasukuma. Msumeno haukulia kama kwenye mbao, uliingia kimya kama kwenye nyama ya kuchemsha, na kila alipovuta ulitoka na kioevu cha uvuguvugu, cheupe, chenye mabonge na nywele laini na vijikucha vyembamba vilivyomnasa kwenye mikono, naye akatapika bila kuacha kukata, akakanyaga matapishi yake na kuteleza na kukata tena, na ndani ya sanduku kitu kikaanza kulia, kwanza kama paka, kisha kama mtoto, kisha kwa maneno kamili, "Mama, mama, baridi, mama," na pale ukutani mshonaji akajipigiza visigino sakafuni, machozi yanamwagika, meno yameuma kitambaa mpaka damu ikachora mstari mwekundu, asitoe sauti.

"Vizuri, mwanangu," Mkunga alisema bila kugeuka. "Vizuri. Anachoka."

Kweli alichoka. Kilio kilififia, kikawa kwikwi, kikawa pumzi. Sanduku la juu likalegea na kuning'inia kama ngozi ya tumbo baada ya kuzaa. Ule uchafu ukasambaa sakafuni, nzi wakaushukia. Pakawa kimya.

"Dada!"

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, nyuma yake, sauti ya mtu anayeanguka.

"Nipo, mdogo wangu! Nipo hapa!" Bi Pembe aligeuka upesi.

Mshonaji alikuwa ameketi palepale ukutani. Kitambaa kilikuwa bado mdomoni mwake, fundo halijalegea. Alikuwa amekodoa macho, akitikisa kichwa taratibu, hapana, hapana, hapana.

Mkunga alifunga mkoba wake.

"Mpeleke mdogo wako nyumbani kwa mumewe. Leo hii. Asilale hapa."

"Na mimi, Mkunga?"

Mkunga aliitazama aproni yake, si uso wake.

Bi Pembe alitaka kuuliza tena, lakini alikuwa amesikia kitu chini ya aproni, juu ya mbavu. Kitu kidogo, chenye mdomo mbichi, kilichokuwa kikipapasa huku na huku kama kinavyopapasa kisichoona. Kilipanda. Kilipopata, kikatulia.