Picha ya Mezani kwa Mama

Rafiki yangu Khiêm, wa mji wa Huế, aliitwa na mamake amskanie picha za ukoo, ili mama ajichagulie mwenyewe ile itakayowekwa siku akifa kwenye meza ya ubani, ambapo wafu wa ukoo hufukiziwa mbele ya picha zao.

Kila picha ilikuwa na tundu la mkasi palipokuwa na uso wa Diễm, mama yake mdogo, aliyekwisha kufa.

"Mama, alikukosea nini huyu?"

"Alinichukulia mchumba. Hana picha, hana ubani, na akae hivyohivyo huko aliko! Wewe fanya kazi, maswali ya nini?"

Mvua ya mchana ilikuwa imetia chumba giza. Khiêm akalaza picha ya kwanza kwenye skana, akafunika. Mashine ikavuma, kisha ndani yake kitu kikaanza kukata karatasi, taratibu: krich, krich.

Akafunua. Picha ilikuwa vilevile.

Lakini kwenye kompyuta Diễm alikuwa mzima, anatabasamu. Tundu lilikuwa usoni kwa mamake.

Akaskani zote. Zote zikawa hivyo.

"Umepata yenye sura nzuri?" mamake akauliza kutoka mlangoni.

Khiêm hakugeuka. Ile krich, krich sasa ilikuwa inatokea hukohuko mlangoni.