Aliyeitikia Jina la Sagesse

Titi la kushoto la Mathilde lilishuka bila kuaga. Asubuhi alifunga sidiria yake kama siku zote, akaenda sokoni Kashikishi, na mchana, alipoinama kumkatia mteja kitenge, alisikia kitu kinateleza ndani ya kifua. Akaingia nyuma ya kibanda, akachungulia. La kulia lilikuwa mahali pake, limesimama kama askari wa zamu. La kushoto lilikuwa limeteremka hadi mbavuni, na chuchu yake inatazama mabati ya paa kama mtu anayengoja mvua.

Tuseme wazi, Mungu asisingiziwe: matiti yale hayakuwa ya kuzaliwa. Yalikuwa silikoni, kazi ya Lubumbashi, aliyowekewa enzi za mwanaume mmoja mwenye gari na maneno matamu. Mwanaume aliondoka na gari na maneno. Silikoni ilibaki. Mathilde akavuka ziwa Mweru na mizigo yake ya vitenge, akapanga chumba karibu na maji, mahali ambapo hakuna aliyemjua wala aliyemgusa.

Kilichomwaibisha sana huko kilikuwa jina. Pande zile mwanamke mzima haitwi jina lake. Anaitwa kwa jina la mtoto wake. Wakongo wanasema Mama fulani, Wabemba wanasema Bana fulani, na asiye na mtoto anabaki na jina lake la ubatizo, linamning'inia kama koti la marehemu. Siku yake ya kwanza, jirani wa meza, Rosaria, mama wa Chomba, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mamba, alimuuliza mbele ya soko zima:

"Sasa weye, tutakuita mama nani?"

Mathilde, aliyepita arobaini bila mimba hata moja, alisikia uso unawaka. "Mama Sagesse," akasema.

"Na huyo Sagesse iko wapi?"

"Ku Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa. Iko na nkambo, bibi yake."

"Yangu! Bana Sagesse, mwaiseni, karibu kwetu!"

Basi. Kuanzia hapo aliletewa kiti, akaalikwa misibani, akaulizwa kila asubuhi kama mtoto anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri, alijibu. Anapenda shule. Meno yameanza kung'oka. Mtoto ambaye hakuzaliwa wala hakufa, akakua midomoni mwa watu.

Usiku wa siku ile titi liliposhuka, aliamka kitandani na kukuta blauzi imelowa upande wa kushoto. Akainusa. Ilinuka tope la ziwa na samaki mbichi. Ndipo mwili ukamsisimka, maana uvuvi ulikuwa umefungwa na serikali ili samaki wazaliane, mitumbwi imelala kifudifudi mchangani, na katika wilaya nzima ya Nchelenge hakukuwa na samaki mbichi hata wa kumdanganya paka.

Kesho yake, jua linazama, umeme umekatika kama desturi yake, akiwa amejilaza akasikia sauti. Nyu. Nyu. Nyu. Alidhani ni panya. Akageuka kutafuta kiatu, sauti ikageuka naye. Akalala tuli akisikiliza, akahisi uzito umemlalia ubavuni, mdogo, baridi, uzito wa kitu kilichokaa majini muda mrefu, halafu kiganja kisichofika hata ukubwa wa jani la mharage kikamshika chini ya titi, kikakaza, na mdomo usio na meno ukaanza kuvuta, ukavuta silikoni ambayo haina tone la kumpa mtu, ukavuta kwa njaa na kwa uvumilivu, na alipojaribu kuinuka kitu kile kikalia, kilio kile kile cha kila mtoto anayenyimwa, na Mathilde akarudi kulala chini. Alikuwa na woga wa kufa. Lakini tangu mwanaume wa gari aondoke, hakuna kiumbe kilichokuwa kimemshika.

Kikaja kila jioni. Punde la kulia nalo likaacha lindo.

"Bana Sagesse," Rosaria alimnong'oneza, na Rosaria akinong'ona husikika mpaka kule Puta, "shati yako inabeba nini tumboni? Mimba ao maandazi?"

"Ni silikoni, dada. Inashuka."

"Mayo! Kwenda ku docteur kabla ifike ku magoti!"

Akavuka maji, akapanda lori, akafika kwa Docteur Antoine, mpasuaji wa Lubumbashi, mtu mpole mwenye miwani ya kuteleza. Daktari akayainua kwa kiganja, akayaachia. Yakashuka.

"Mama, mufuko ya ndani, ile yenye kushika silikoni, imefunguka chini. Njo maana inatelemuka. Naweza kushona tena ile sakafu ya mufuko. Ao natengeneza mufuko mupya nyuma ya musuli, musuli njo itasaidia kubeba. Kama nyama imechoka, naongeza wavu mudogo wa kushikilia."

"Wavu? Docteur, mi natoka Kashikishi. Uvuvi imefungwa, batanikamata!"

Daktari alicheka kwa adabu. "Ao tunatia silikoni ya mudogo, yenye haina uzito. Ao tunatoa yote, bon, shida imeisha. Unachagula weye."

"Kutoa, apana!" Lilimtoka haraka mno. Akabaki anajiuliza amekataa kwa ajili ya nani.

Daktari akainama kuchora mistari ya kalamu, akasimama katikati. Chini ya kila titi kulikuwa na duara dogo jekundu, limerudiwa rudiwa.

"Unanyonyesha, mama?"

"Apana."

"Hii ni alama ya fizi ya mutoto." Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nitashona, nitatia na wavu. Lakini kama kuko mwenye kuvuta, hata nishone na waya wa umeme, itashuka tena."

Alimfanyia hivyo: sakafu ya mifuko ikashonwa, wavu ukatiwa. Akampa sidiria ngumu na maagizo: asibebe mzigo, asilale kifudifudi, asiruhusu kitu kulalia kifua mpaka nyama ishike wavu.

Jioni ya kwanza aliporudi chumbani, kilio kilikuwa kinamngoja. Hakikuwa na hasira. Kilikuwa kimekonda. Kiganja kikatafuta njia juu ya sidiria, kikapapasa ukingo wa bandeji, na mdomo ukaanza kufyonza pale pale palipo na uzi. Maumivu yalimtoa mlangoni mbio, mpaka nyumbani kwa Mama Dorica, mkuu wa maombi kanisani kwake, mwanamke mfupi asiyependa mizunguko.

"Sagesse ni nani?" Dorica aliuliza baada ya kumsikiliza na kumwekea mkono kichwani.

"Mutoto wangu."

"Ulimuzala wapi?"

Mathilde akavuta blauzi, akaziba bandeji. Nje, kitu kilikuwa kinakwaruza mlango, chini kabisa, mahali ambapo mtoto wa kutambaa angefika.

"Ziwa hii iko na batoto mingi, mama," Dorica alisema polepole. "Bale balikufa bila kupewa jina. Banangojea mutu abaite. Weye ulitupa jina bure sokoni. Moja akaiokota, akakufwata."

"Nifanye nini?"

"Umukatae mbele ya bale balikusikia. Na sauti yako. Kama hapana, atavuta mpaka kile kidonda kifunguke, na hakuna mushono utakuokoa."

"Na mi nitabaki nani?"

Dorica aliinuka, akachukua birika. Alimpa chai.

Kesho yake, soko limejaa, Mathilde akasimama juu ya kigoda. Chini ya meza yake vitenge vilikuwa vinacheza bila upepo.

"Munisikie," akasema. "Sina mutoto. Sikuzalaka. Sagesse haiko. Mi si mama ya mutu."

Muuza betri akazima redio yake. Kutoka chini ya meza nyayo ndogo zilizolowa zikaonekana mchangani, moja baada ya nyingine, bila miguu juu yake, zikapita katikati ya wanawake waliorudi nyuma wameziba midomo, zikaenda majini, zikaingia. Dorica akaimba haleluya. Wengine wakaitikia kwa kuchelewa.

"Kumbe ile meno yenye ilikuwa inang'oka," Rosaria alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "ilikuwa ya nani?"

Kidonda kilipona. Wavu ukashika. Matiti yakasimama yote mawili mahali pake, hata daktari aliyatazama kwa simu na kusema hayashuki tena, mama, vraiment ni kazi safi. Ni sokoni tu mambo yalipobadilika. Hawakumtukana. Walimwita Mathilde. Hakuna aliyemuuliza chochote asubuhi, maana hakukuwa na cha kuuliza. Kwenye msiba wa jirani alikaa pamoja na wasichana.

Jioni alirudi, akala amesimama, akalala chali kama alivyoagizwa. Chumba hakikunuka kitu. Alitega sikio mpaka shingo ikamuuma, na panya nao walikuwa wamehama. Siku moja, jua limekwisha zama ng'ambo ya Congo na maji yamekuwa ya rangi ya risasi, alifungua mlango unaotazama ziwa, akasimama kizingitini kwa muda mrefu, akijishika kifua.

"Sagesse," akaita.

Halafu, karibu kabisa na maji: "Mama."

Machozi yalikuwa yameanza kumtoka aliposikia sauti nyingine, kutoka chini ya mtumbwi uliolala kifudifudi: "Mama." Nyingine kwenye matete. Nyingine, na nyingine, pwani nzima kuelekea bandarini, sauti nyembamba za majimaji zinazoitikia jina lile lile, kila mtoto akiamini ni lake, na mchanga ukaanza kulowa kwa nyayo ndogo zinazopanda kuelekea mlangoni, nyingi kama dagaa kwenye turubai, zikiharakisha, zikisukumana.

Mathilde hakufunga mlango. Alifungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, akikodoa macho gizani kuhesabu, na alikuwa na matiti mawili tu.