Jina Lililokaa Nafasi ya Sifuri

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi kumi na wawili walivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta na kusubiri kuitwa. Kompyuta zilikuwa nne tu, hivyo walikaa kwa zamu. Zamu zilipangwa na programu ya msichana waliyemwita Cherehani, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Walipopewa zoezi la kuandika orodha ya majina kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu, yeye ndiye aliyemaliza wa kwanza, na mwalimu akaamua programu yake itumike kuwaita wenzake. Wiki ile Cherehani alitembea kichwa juu.

Mvulana mmoja, Bonge, hakuitwa hata mara moja, ingawa ndiye aliyejiandikisha kabla ya wote. Alikaa kwenye benchi akifanya mazoezi kwa penseli daftarini.

"Bonge, kompyuta inakuogopa," mwenzake akamtania. "Inajua utaikalia."

"Nikiikalia hiyo, wewe utachezea nini?"

Wote wakacheka. Bonge mwenyewe hakucheka.

Ijumaa, Cherehani alikuwa akijaribu zoezi jipya. Akaiagiza kompyuta ionyeshe jina lililo nafasi ya sifuri kwenye ile orodha. Kioo kikaandika: Bonge.

Hapo akagundua kosa lake. Kwenye JavaScript, nafasi za orodha huhesabiwa kuanzia sifuri. Programu yake ilianzia moja, kwa hiyo jina la mwanzo lilirukwa kila siku.

Angeweza kubadilisha namba ile na kujikausha. Nani angejua? Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe aliposikia sauti ya Bonge mezani kwa mwalimu.

"Mwalimu, nimekuja kuaga. Mama anasema kama sipati nafasi, niwe nawahi nyumbani nimsaidie kufua. Naona mimi ni mzito wa kuelewa, ndiyo maana siitwi."

Cherehani akasimama.

"Mwalimu, si yeye. Ni programu yangu. Nilianza kuhesabu na moja, nikamruka."

"Kumbe cherehani nayo huruka mshono," mtu akanong'ona nyuma.

Mwalimu hakumkemea yeyote. "Rekebisha, sote tuone."

Cherehani akafuta moja, akaandika sifuri. Jina la Bonge likatokea juu kabisa. Bonge akaketi kwenye kompyuta, akafungua daftari lake na kuanza kuchapa kwa vidole viwili, polepole, bila kukosea.

Mwalimu akavuta kiti karibu na Cherehani.

"Kuanzia moja ni kosa la kila anayejifunza. Hata mimi nililifanya, na wiki hii nilipaswa kuliona. Kosa la namba umelifuta sasa hivi. Lakini ungenyamaza, mwenzako angeondoka akiamini yeye ni mjinga, na hilo hakuna kitufe cha kulifuta. Ukikosea, sema mapema, asije mwingine akabeba kosa lako."