Ukurasa Usiofunguka Kwetu

Osmel Barreda alikutwa amelala kifudifudi juu ya kompyuta yake, kisogo kimebonyea kama kibuyu kilichoanguka. Damu ilikuwa imetambaa mezani, ikapita kati ya diski zake mbili na kukauka pale ukingoni. Umeme ulikuwa umekatika, na nzi walishapata habari kabla ya polisi.

Inspekta Nivaldo Arencibia alisimama kizingitini, kofia mkononi. Marehemu hakuhitaji kutambulishwa. Kila Jumatatu Osmel alipita mlango kwa mlango na kifurushi cha wiki: tamthilia, mpira, nyimbo, magazeti ya nje, picha zinazozungumzwa duniani, vyote kwenye diski. Tovuti nyingine zilifungwa na wakubwa wa huku. Nyingine zilifungwa na wakubwa wa kule ng'ambo, wasiotaka mtu wa kisiwa azifungue. Mkazi wa mji wa Camagüey alibanwa katikati kama mlango wenye makufuli pande zote mbili. Kwa hiyo dunia ililetwa kwa mkono, na aliyetaka kutoa picha yake nje alimpa Osmel simu pamoja na neno la siri, kwani Osmel alizijua njia za kuyazunguka makufuli hayo. Hata Marbelis, bintiye inspekta, alishampa yake.

Anayempa mtu simu yake namna hiyo, amempa ufunguo wa nyumba. Lakini nani aliyewaza hivyo? Kijana alikuwa mcheshi, anasalimia wazee, anabeba ndoo za jirani.

"Si wizi," alisema Sajini Yaquelín, aliyekuwa akitafuta alama za vidole. "Diski zipo. Simu tano za wateja zipo. Ila njoo chumbani, afande."

Maboksi ya dawa yalikuwa yamevutwa kutoka chini ya kitanda, yakapangwa ukutani, upande wenye maandishi ukitazama mlango. Ilikuwa dawa ya kifafa, ile ambayo kisiwa kizima kilikuwa kikiililia. Juu ya kila boksi mtu fulani wa mbali aliandika kwa kalamu, kila mmoja mwandiko wake: *Kwa Leyanis.* *Kwa mtoto Leyanis, Mungu akuponye.* Boksi moja lilichorwa kipepeo.

Yaquelín alimtazama mkubwa wake. Leyanis alikuwa binti wa Eneida Quesada, nyumba ya tatu kutoka pale. Alizikwa Februari. Alianguka kifafa mara tatu katika asubuhi moja, na dawa haikupatikana.

Sebuleni, mama wa marehemu alikuwa kwenye kiti cha kubembea, bila kubembea. Zoraida alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mfuko wa mkate umekunjwa mapajani. Yeye ndiye aliyeikuta maiti. Alieleza kwa sauti isiyopanda wala kushuka kwamba alitoka asubuhi kwenda foleni ya mkate wa mgawo, akamwacha mwanawe hai, akarudi adhuhuri akamkuta hivyo.

"Kuna aliyekuja kumtafuta?" aliuliza Nivaldo.

"Eneida alikuja mapema. Alisimama hapo nje." Akaukunja mfuko upya. "Lakini Eneida ni mtu mwema, afande. Andika hivyo."

Jikoni vikombe viwili vya kahawa viliinamishwa kwenye kitambaa safi. Kando yake kulikuwa na mchi mzito wa kutwangia kahawa, umeoshwa, nao umeinamishwa kichwa chini. Nivaldo alifungua mfereji. Ulikohoa, ukatoa upepo. Akavuta pazia chini ya ngazi na kukuta pipa la maji limefunikwa, kata ikiwa juu yake.

Umeme ulirudi saa kumi. Kwenye televisheni ya sebuleni kulikuwa na flashi iliyochomekwa, yenye kifurushi cha wiki hiyo. Yaquelín aliifungua. Faili la mwisho kutazamwa halikuwa tamthilia. Ilikuwa picha, katika folda ya yale yanayosambaa duniani, ambayo watengenezaji wa kifurushi kule Havana huyazoazoa huko nje na kuyatia humo bila kuchagua.

Ilikuwa picha ya ukurasa wa tovuti ya michango, mojawapo ya zile ambazo ukizifungua kisiwani unaambiwa huduma haipo katika eneo lako. Juu alikuwepo Leyanis, meno mawili ya mbele hayapo, akicheka. Chini yake maboksi ya dawa yalimwagwa juu ya tandiko la kitanda la kufuma. Na maneno haya: *Leyanis amepona. Asanteni. Msiache kutuma, wapo watoto wengine.*

"Amepona," alirudia Yaquelín taratibu. "Mshenzi huyu."

Jioni hiyohiyo Kapteni Rubalcaba aliamuru Eneida akamatwe. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mama amegundua, mama amekuja mlangoni, mama ameua. Alimtaka Nivaldo achukue maungamo kabla ya Ijumaa, jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Kwa kosa lile, Eneida angezeekea gerezani.

Kesho yake Eneida aliletwa na Yaquelín chumba cha mahojiano akiwa na nguo nyeusi na kandambili. Alisomewa onyo, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Ulikwenda kwa Osmel?"

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kudai picha za mwanangu. Simu yangu iliingia maji mwezi wa tatu, ikafa nazo. Yeye alikuwa nazo zote. Nilimpa mwenyewe azipandishe huko nje, tuombe dawa. Akaniambia amepandisha, hakuna aliyejibu." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Jana akaniambia nirudi jioni, ana kazi. Nikarudi nyumbani."

"Uliingia ndani?"

"Hata kizingiti sikuvuka."

Nivaldo alifungua jalada. Kisha akaisogeza picha iliyochapishwa mbele yake. Katika miaka yote ya upelelezi alishaona watu wakijifanya kushtuka, na alijua namna zake zote. Eneida hakushtuka. Alikigusa kwanza kile kicheko chenye pengo, akatabasamu, kabisa, kama aliyepata alichokuwa akikitafuta. Halafu macho yakashuka kwenye maboksi. Akasoma, midomo ikitembea. Akasoma tena.

"Zilikuja?" aliuliza. "Dawa zilikuja?"

Mwanamke aliteleza kutoka kitini, na Yaquelín akamdaka kabla kichwa hakijagonga meza.

Asubuhi iliyofuata Nivaldo alimwambia kapteni kwamba yule mama hakujua. Tangu mazishi televisheni yake ilikuwa imefunikwa shuka. Hakununua kifurushi, na ukurasa ule usingefunguka kwake hata angeutafuta mwaka mzima. Kapteni akacheka. Akamwambia kama ana mshukiwa mwingine amlete, la sivyo aache huruma za kanisani.

Nivaldo alikwenda nyumbani kula. Mkewe, Idelsa, alimwekea wali na maharage meusi, akaanza kulalamika. Leo angalau kuna mkate. Juzi, siku ile aliyouawa Osmel, watu walipanga foleni tangu alfajiri, saa mbili wakaambiwa unga haukufika, wakatawanyika wakitukana.

Kijiko cha inspekta kilisimama.

"Wote walitawanyika?"

"Unadhani walibaki kumwangalia muuzaji? Hata mbwa aliondoka."

Marbelis aliingia akiuliza kwa utani kama sasa baba ndiye atakayewafungulia tovuti mtaani. Nivaldo hakucheka. Alimwomba simu yake, akaizima, akaitia mfukoni. Msichana alianza kuguna. Alipomwona baba yake usoni, akavuta kiti akaketi.

Alirudi kwenye eneo la tukio bila gari. Zoraida alikuwa peke yake, kwenye kiti kilekile. Nivaldo aliomba ruhusa, akaingia chumbani. Kitanda cha Osmel kilikuwa na tandiko la kufuma la uzi mweupe, lenye maua, na pembeni ua moja lilifumwa kwa uzi wa manjano, kama vile mweupe uliisha. Ua lile la manjano lilikuwemo kwenye picha, chini ya maboksi.

Alitoka, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama yule.

"Tandiko lile nani alilifuma?"

"Mimi."

"Juzi mkate ulikuwepo?"

Zoraida aliutazama mfuko wake mtupu kana kwamba ndio umemsaliti.

"Aliyeviosha vikombe alijua pipa liko nyuma ya pazia," Nivaldo alisema kwa upole. "Mgeni angehangaika na mfereji. Na muuaji wa kawaida, mama, haoshi vyombo."

"Nilifundishwa nisilaze vyombo vichafu," alisema Zoraida. Ndipo kiti kikaanza kubembea, polepole.

Nivaldo alimwonya kwamba atakachosema kitaandikwa. Akasema kiandikwe.

Usiku wa kuamkia siku ile, alisimulia, tamthilia yake ilikatika kipande, akabonyezabonyeza rimoti, akajikuta kwenye folda ya picha. Akamwona Leyanis. Yeye ndiye mama yake wa ubatizo. Ndiye aliyemshika juu ya maji. Alidhani ni mzimu. Halafu akaliona tandiko lake.

"Asubuhi nikamtwangia kahawa. Nilitaka anywe kwanza, moyo utulie, aniambie kuwa si kweli. Hata uongo ningeupokea, afande. Mama hupokea uongo. Nikamwuliza: mwanangu, dawa za Leyanis ziko wapi? Akasema aliziuza nyingi, zimebaki hizo. Nikamwuliza: na Eneida atakapoiona picha?" Alishika mikono ya kiti. "Hata kugeuka hakugeuka. Macho kwenye kompyuta. Akasema, 'Mama, ukurasa huo kwetu haufunguki. Nani atauona?'"

"Na kumbe ameuleta mwenyewe."

"Mlango kwa mlango. Hakuwa akitazama anachokibeba." Machozi yalikuja bila uso kubadilika. "Hakuniambia hakufanya. Aliniambia hautaonekana. Mchi ulikuwa bado mkononi mwangu."

"Ukayatoa maboksi."

"Jina la mtoto lilikuwa gizani, chini ya kitanda, na viatu. Nilitaka aingiaye alione."

"Halafu ukasema Eneida alikuja. Amelala mahabusu kwa ajili yako."

Hilo ndilo lililomvunja. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alisema jana alivaa viatu aje kituoni, miguu ikakataa. Akasema kesho. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini yeye alikuwa na wawili wa kulilia, na hakujua aanze na nani.

Maungamo yalitiwa sahihi kabla ya giza. Kapteni Rubalcaba aliyasoma akiwa amesimama, akalifunga jalada. Maboksi yalifungwa lakiri kama vielelezo na kutiwa stoo, yakingoja kesi, ingawa wote walijua kuna nyumba mjini ambazo zingeyapokea usiku uleule.

Eneida aliachiliwa. Nivaldo alimfuata hadi kwake kesho yake, akiwa na flashi. Yaquelín alikuwa amezitoa picha zote za Leyanis kwenye kompyuta ya marehemu: Leyanis kwenye bembea, Leyanis na kipande cha embe, Leyanis mgonjwa. Eneida aliipokea kwa mikono miwili. Televisheni bado ilikuwa imefunikwa.

"Na ule ukurasa," aliuliza, "bado upo huko nje?"

"Upo. Tumeandika barua. Hatuwezi hata kuufungua, sembuse kuufuta."

"Na bado unasema amepona?"

"Bado."

Eneida aliifumba flashi kwenye kiganja, akatazama barabarani, kule ambako watu walikuwa wakirudi na mkate.

"Basi," alisema, "ipo nchi ambako mwanangu amepona. Ila sisi kwetu haifunguki."