Bado Mnaongelea Mvua?

"Hivi Avril, yule Clifford ameshakwambia anakupenda, au bado mnaongelea mvua?"

Pauline Sugden alilirusha swali hilo juu ya ua wa majani mwezi wa nne, mkono mmoja umeshika mkasi wa kupunguzia ua, mwingine kiunoni. Avril Thackray alikuwa upande wa pili anaanika mashuka. Alicheka mpaka kibanio cha nguo kikamtoka mdomoni.

"Pauline! Sisi ni watu wazima."

"Ndiyo maana nauliza. Watu wazima hawana muda wa kuchezea."

"Anakuja kunywa chai tu."

"Kila Alhamisi?"

"Ndiyo, kila Alhamisi."

"Na pipa lako la taka, nani analisukuma mpaka barabarani wewe bado umelala?"

Avril akainama kuokota kibanio. Jibu Pauline mwenyewe alikuwa nalo: ni Clifford. Mji mzima wa Hebbleton ulikuwa nalo.

Avril alikuwa mjane. Mumewe, Norman, alilala kaburini nyuma ya kanisa, na kila Jumapili baada ya ibada Avril alipita kumng'olea magugu. Clifford Oldroyd alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mkimya, koti lake moja kwa misimu yote. Sasa, Yorkshire, huko kaskazini mwa Uingereza, ni mahali ambapo mwuza mikate anakuita mpenzi, dereva wa basi anakuita mpenzi, hata daktari wa meno ameshika koleo anakuita mpenzi. Clifford peke yake ndiye aliyemwita Avril "Bibi Thackray". Na Avril alipokuwa akisali, akimaliza kuwaombea wagonjwa na wajukuu, alikuwa anamwambia Mungu: huyu naye mfungue kinywa.

Mungu ana subira. Binti yake Avril, Joanne, aliyeolewa Kanada, hakuwa nayo.

"Mama, chumba chako kiko tayari," Joanne alisema kwenye simu mwezi wa tisa. "Watoto wanakuulizia. Huko umebaki na nani?"

"Nina watu."

"Watu gani? Yule mzee wa mvua?"

"Ana jina, Joanne."

"Sawa, Clifford. Amekuomba ubaki?"

"Hajui kama nataka kuondoka."

"Basi mwambie! Au na yeye mpaka atangaziwe kwenye redio?"

Avril alikata simu akaenda uani. Pauline alikuwa pale pale, kama kawaida yake. Ndipo Avril akafanya kosa. Alisema mbele ya mtu neno alilokuwa hajawahi kulisema ila kwa Mungu.

"Pauline, Clifford akiniambia neno moja tu, siendi Kanada. Neno moja."

Pauline akachuma jani moja la ua, akalikunja. Alikuwa ameachika siku nyingi, na Jumapili mbili tatu alikuwa amemwalika Clifford kula nyama ya kuoka na viazi. Clifford alikula, akashukuru, akaosha vyombo, akaenda zake.

"Niachie mimi," Pauline akasema. "Nitamgusia kwa upole."

"Usimlazimishe."

"Mpenzi, mimi ni mtu wa kulazimisha watu?"

Baada ya siku chache akamwita Avril uani.

"Nimemgusia."

"Akasemaje?"

"Kasema ni jambo zuri sana kwako. Wajukuu na nini. Ila anaomba usimtajie. Unamjua, hapendi makelele."

"Ah," Avril akasema. "Vizuri basi."

"Uko sawa?"

"Niko sawa kabisa."

Akaingia ndani akaweka birika la maji jikoni. Maji yalichemka, birika likazima lenyewe, naye akabaki amesimama hajatoa hata kikombe.

Alhamisi ikafika. Clifford akabisha hodi, akafuta viatu, akasema samahani kwa kufuta viatu muda mrefu. Avril akasema samahani kwa kuchelewa kufungua. Wakaketi.

"Naona mawingu yanatoka upande wa milimani," Clifford akasema.

"Naona."

"Lakini jana haikuwa mbaya."

"Haikuwa mbaya hata kidogo, ukilinganisha."

Clifford akachovya biskuti kwenye chai. Siku zote alijua sekunde ya kuitoa. Siku ile biskuti ilikatika ikazama, na wote wawili wakajifanya hawakuona.

"Bibi Thackray..."

"Ndiyo, Clifford?"

Clifford akasogeza kikombe pembeni. Avril akaweka chini buli. Sasa, akajisemea moyoni. Bwana, sasa.

"Kanada nasikia ni baridi sana," Clifford akasema.

"Wanasema ni baridi kavu."

"Hiyo ni afadhali. Hii yetu ya unyevu inaingia kwenye magoti."

"Inaingia kweli."

"Basi vizuri."

Akasimama, akashukuru kwa chai, akaondoka. Avril aliichota ile biskuti kwa kijiko, akakaa nayo pale mezani mpaka chai yote ikapoa.

Ijumaa ujumbe ukaingia kutoka kwa Joanne: "Mama, kuna familia inataka kununua nyumba yako. Wanasubiri jibu Jumapili. Nikuandalie tiketi?"

Avril akaandika: "Jumapili nitakujibu." Hakuweza kuandika ndiyo. Kidole kiligoma.

Jumamosi kulikuwa na shughuli kwenye ukumbi wa kanisa. Mchungaji wao, mama kijana aitwaye Harriet, alikuwa ametangaza kwamba kila mtu alete kitu kimoja anachokipenda kuhusu nchi yao, akieleze kwa ufupi, halafu wale keki. Watu walinung'unika wiki nzima kwamba ni jambo la aibu kujisifu hadharani, kisha wakaja wote, na wakawahi.

Nadeem Akhtar mwenye duka la pembeni, mzaliwa wa mji wa jirani wa Bradford, alisimama mikono mitupu.

"Mimi nimeleta foleni," akasema.

"Iko wapi, Nadeem?"

"Subirini." Akaenda kusimama mbele ya meza ya keki bila kusema kitu. Mzee mmoja akainuka akasimama nyuma yake. Wa pili. Wa tatu. Kufumba na kufumbua mstari umefika mlangoni.

"Mnasubiri nini?" Nadeem akageuka kuwauliza.

"Hatujui," akajibu wa mwisho. "Lakini sisi tumefika mapema kuliko yule anayeingia sasa hivi."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Hata Avril alicheka.

Pauline alileta keki yake ya jamu na krimu, na maneno matatu manne ya kusema. "Mimi ninachopenda kwetu," alisema, kidevu juu, "ni kwamba hatuingiliani. Kila mtu na ua wake, kila mtu na mambo yake."

Wakampigia makofi.

Avril alileta buli lake la udongo wa kahawia, lenye mdomo uliopasuka.

"Norman alipofariki," akasema, "watu wa mtaa wangu walikuja. Hakuna aliyejua la kusema. Sisi hatujui kusema. Kwa hiyo walichemsha maji. Nilikunywa chai siku ile mpaka nikashindwa kulala, na kila kikombe nilijua kina maana gani. Ni hilo tu."

Akaketi. Mtu akapenga kamasi kwa nguvu.

Halafu Clifford akasimama. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua pole pole: saa ya hewa ya marehemu baba yake, ile ya mviringo ya shaba yenye mshale wa kuonyesha kama ni mvua au jua. Ilitundikwa mlangoni kwake tangu akiwa mtoto.

"Watu wanatucheka kwa kuongea mvua," akaanza, akiangalia mshale. "Nafikiri wana haki. Lakini mimi kila Alhamisi naongea mvua na mtu mmoja, na ndiyo... ndiyo siku yangu. Asubuhi nikiamka naigonga hii kwenye kioo, naangalia mshale, ili nikifika nisikose la kusema. Basi. Nilitaka huyo mtu aende nayo huko anakokwenda. Aitundike ukutani. Samahani. Nimesema sana."

Ukumbi mzima ukatazama vikombe vyake. Avril akaiangalia ile saa ya hewa.

"Clifford," akasema, akiwa bado ameketi. "Ikitundikwa Kanada itanionyesha hali ya hewa ya huko Kanada."

"Hilo sikulifikiria," Clifford akasema.

"Na kwa nini hukuniambia hayo juzi?"

"Niliambiwa umeshaamua na hutaki makelele. Nisikutajie, nitakuvurugia furaha. Nikaona nikiwa muungwana ninyamaze."

"Mimi niliambiwa umesema ni jambo zuri niondoke. Na kwamba wewe ndiye hutaki makelele."

"Mimi?" Clifford akaweka saa ya hewa mezani. "Bibi Thackray, nilikuwa sijajua habari ya Kanada mpaka nilipoambiwa."

"Na nani?"

Clifford alikunja gazeti mara moja, akalikunja tena. Hakutaka kusema jina la mtu mbele za watu. Lakini macho yake ni ya mtu mkweli. Yalikwenda yenyewe mpaka meza ya keki, na macho ya ukumbi yakayafuata.

"Nilidhani nawasaidia," Pauline akasema. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu. "Mnajua nyinyi wawili mlivyo. Mngekaa hivyo mpaka mfe."

"Nilikupa neno, Pauline," Avril akasema. "Nilikwambia ni neno moja tu ninalolisubiri."

"Na mimi je? Mimi nisisubiri chochote?" Sauti ilimvunjika. "Anakuja kwangu, anakula, anaosha sahani, halafu ananiuliza kama kikohozi chako kimepoa!"

Hapo Clifford ndiye aliyekuwa mwekundu.

Mchungaji Harriet akanyanyuka nusu. "Labda tunywe chai kwanza..."

"Bado, Mchungaji," Avril akasema. Akasimama. Miaka yote hakuwahi kumkatiza mchungaji. "Clifford, Jumapili natakiwa kumjibu binti yangu. Jumapili ni kesho. Kama una neno, liseme. Hapa hapa, mbele ya watu, na usilitaje jua wala wingu."

Clifford Oldroyd akapangusa kiganja kwenye koti.  Nadeem, nyuma, akanong'ona, "Haya, mzee, songa mbele, zamu yako imefika."

"Usiende," Clifford akasema. "Usiende, Avril."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Alilitamka kama mtu anayevuka ziwa lenye barafu nyembamba.

"Hayo ni zaidi ya neno moja," Avril akasema.

"Samahani."

"Usiombe msamaha. Ongeza."

"Nakupenda. Tangu... sijui tangu lini. Tangu siku ya pipa la kwanza."

"Basi siendi," Avril akasema, na machozi yakawa yameshafika kidevuni. "Na Alhamisi ni siku chache mno. Njoo na Jumatatu."

"Jumatatu nina nafasi," Clifford akasema kwa uzito wote, na bibi mmoja wa kwaya akaanza kulia waziwazi, jambo ambalo ukumbi ule haukuwahi kuliona.

Avril akatoa simu mfukoni pale pale akamwandikia Joanne: "Siendi. Waambie hao wa nyumba asante. Mzee wa mvua amesema. Mama."

Kisha akapita katikati ya viti mpaka meza ya keki. Watu wakaacha kutafuna. Pauline akajikaza kama anayesubiri kofi. Avril alisimama mbele yake, na alipozungumza hakupaza sauti.

"Pauline, mwezi wa nne uliniuliza swali juu ya ua, nikalicheka. Leo nakujibu. Ameshaniambia."

Pauline alimtazama, akamtazama Clifford, akaitazama keki yake ambayo hakuna aliyekuwa ameikata. Akavaa koti, vifungo vikakosea matundu, akavifungua akavifunga upya. Nadeem akamshikia mlango, kama ambavyo angemshikia mtu yeyote, naye Pauline akapita akatoka.