Mfuniko wa Chemchemi

Sogeeni, wajukuu, mkekani pana nafasi. Fungeni midomo, jambo hili lina masikio.

Miaka ile ya ukame, ruhusa ya kuuza na kununua ilipofika hata kwenye maji, Jamaldini wa Moshono alinunua chemchemi. Akaijengea saruji, akaweka mfuniko wa chuma na kufuli, akavuta bomba hadi tangi la uani kwake. Mkewe, Zamda, alianza kuhofu asubuhi mtungi wake wa jikoni ulipokutwa mkavu, na chini yake hapakuwa na hata unyevu.

Siku hiyo, jua likiwa utosini, akasikia mtu anakunywa ndani ya tangi la uani. Gu, gu, gu. Nyumba ikanuka tope, na nje ni vumbi tupu. Bintiye Hafidha, aliyekuwa hajajua kusema, akalia kiu. Akanyonya, akapewa kikombe, akapewa jagi, na kadiri alivyokunywa ndivyo midomo yake ilivyopasuka kama mashamba ya Nduruma, na kila alipomeza, kule tangini kitu kilimeza naye.

Zamda akamkimbilia jirani, Bibi Eunike, Mmeru wa pale pale.

“Mfuniko mliuweka saa ngapi?”

“Adhuhuri, bibi. Mafundi walikuwa na haraka.”

Bibi akashusha sauti. Tangu enzi za babu zao, wakati wa jua kali hakuna aliyegusa ile chemchemi. Mwenye maji, yule akaaye humo chini, hutoka saa hiyo kuota jua.

“Mmemfungia nje, mwanangu. Fungueni kabla hajamzoea mtoto.”

Jamaldini alicheka. Akasema Wameru wanamwonea kijicho, kwa ufunguo ule hata wazee wanamwamkia shikamoo.

Zamda aliamua kwenda chemchemini mwenyewe. Akambeba mtoto mgongoni, akachukua nyundo, akavunja kufuli, akausukuma mfuniko uliounguza viganja, akainama: hapakuwa na maji, ila tope lililokauka na nyayo ndogo, zote zimetoka, hakuna hata moja iliyorudi.

Mgongoni, sauti ya mtu mzima ikamnong'oneza:

“Acha tu. Nimeshapata pengine pa kukaa.”

Jamaldini alikufa na ufunguo mkononi. Nduguye Najim akarithi tangi tupu. Kibuyu cha maji cha Bibi Eunike kiliniangukia mimi, mjukuu wake. Hafidha alirithi nyumba, yumo mpaka leo; akipita, mabomba hukohoa. Ninyi mmerithi kiu.

Jana adhuhuri Hafidha alibisha hodi hapa akaomba maji, nami nikampa. Hebu mmoja wenu akatazame mtungi.